Kamati ya afya ya shehia si ya mafagio tu

Barazani huku Pemba, ambako shehia ndiyo ngazi ya chini ya utawala na sheha ndiye kiongozi wake, utasikia: "Kamati ya afya ya shehia? Wale wa kufagia na kungoja posho. Maradhi ni kazi ya daktari." Nusu ya maneno hayo ni masihara, nusu ni kutojua.

Chukua kichocho. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa mwilini, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena. Mtoto humeza vidonge leo, kesho akarudi kuoga kijitoni. Aliyeambukizwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, na baada ya wiki kadhaa hutoka vingine vinavyopenya ngozi ya yeyote anayeoga au kufua. Daktari hawezi kulizuia hilo akiwa amekaa kituoni.

Nani anajua watoto huogelea kijito gani wakitoka chuo cha Kurani? Nani anajua nyumba ipi haina choo, au mzazi yupi amegoma mwanawe asimezeshwe dawa kwa kuogopa kizunguzungu? Jirani. Kamati ni majirani hao hao, wakiwa na sheha wao. Akigoma mzazi, bi mkubwa wa mtaa huingia ndani, akakaa mkekani, akaeleza kuwa dawa humezwa baada ya kula. Hapo hata waraka wa wizara haufui dafu.

Kipindupindu nacho ni hivyo hivyo: dripu huokoa mgonjwa, lakini kisima kilichochimbwa karibu na choo huonwa na wanaokitekea.

Posho? Wengi hujitolea tu.