Anayesikia sauti pia anaweza kukaa kwenye grupu ya kuacha pombe

Hapa Nairobi wengi tunaamini mtu mwenye saikosisi, yaani anasikia sauti ama anaona vitu wengine hawavioni, hafai kuwekwa kwenye grupu ya kuacha pombe ama bangi, eti atavuruga wenzake. Hiyo hofu naielewa. Lakini ugonjwa wa akili na uraibu huja pamoja mara nyingi sana, na inayopendekezwa ni kutibu vyote viwili kwa pamoja, sababu bangi ama miraa nyingi inaweza kurudisha zile sauti na ukimfukuza kwa grupu anarudi palepale kwa base, yaani kijiweni wanapotumia. Akiwa amezidiwa, hajui hata yuko wapi, kwanza atulizwe na daktari. Akishatulia anaingia, grupu iwe ndogo, kikao kifupi, hakuna kufokeana, na akitaka kutoka dakika tano apumue anatoka tu. Na tafadhali, tembe alizoandikiwa na daktari si mihadarati, asiambiwe aziache ndio ahesabiwe ameacha.

Unataka kuhakikisha? Kabla hujalipa kituo cha kutibu uraibu uliza nani anasimamia dawa zake, na kikao kinakuwa na watu wangapi. Muulize pia nesi wa kliniki ya akili.