Moyo Umejaa Damu, Unakosaje Damu?

Swali hili naulizwa sana kliniki, na ni swali zuri. Mgonjwa ameambiwa misuli ya moyo wake haipati damu ya kutosha, naye anashangaa: si moyo huohuo unaosukuma damu ya mwili mzima?

Damu iliyo ndani ya vyumba vya moyo ni ya kusafirishwa. Kuta za moyo ni nene, hasa upande wa kushoto, na damu hiyo hufikia utando mwembamba tu wa ndani. Misuli yenyewe hulishwa na mishipa ya koronari, inayochipuka kwenye aota (mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini), mara tu aota inapotoka moyoni. Ajabu yake ni kwamba moyo ukijikaza unaibana mishipa hiyo. Kwa hiyo upande wa kushoto hupata damu yake nyingi moyo unapolegea, kati ya pigo na pigo. Mapigo yakienda mbio, muda huo wa kula unafupika, na ndipo njaa inapozidi.

Na moyo wenyewe unakula nini? Mwili ukiwa umepumzika, asilimia 60 hadi 70 ya nishati yake hutoka kwenye asidi za mafuta (siyo kolesteroli inayoziba mishipa; hiyo haichomwi). Inayobaki hutoka zaidi kwenye sukari, na kwenye laktiki, zao la sukari linalomwagwa na misuli ya miguu unapokimbia. Vyote huchomwa kwa oksijeni ndani ya mitokondria, vijitanuru vya nishati vya seli, zinazojaza karibu theluthi ya kila seli ya misuli hiyo. Akiba ya nishati iliyo tayari ni ya sekunde chache tu. Tena, hata ukiwa umekaa, moyo huchota karibu robo tatu ya oksijeni ya damu inayoulisha. Kazi ikiongezeka, hauna pa kuongezea ila uletewe damu zaidi.

Ndiyo maana mwenye mishipa iliyosinyaa hukaa barazani bila shida, lakini akipandisha ndoo ya maji, ngazi ya tatu anasimama, ngumi kifuani. Akiitua, dakika chache maumivu yanatulia. Wengi huyaita gesi au vidonda vya tumbo, wakameza dawa za dukani miezi na miezi. Tafadhali, maumivu yanayokuja na kazi na kuondoka na mapumziko yaleteni kliniki. Yakikukuta umetulia na yasiachie, ukatokwa na jasho la baridi, usingoje kupambazuke. Mshipa ukiziba kabisa, misuli huanza kufa ndani ya dakika 20 hadi 40.