Usanifu wa matumizi haukuanzia kwenye skrini

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba kusanifu matumizi ya vifaa ni kupanga rangi na vitufe vya skrini, na kwamba skrini ikiondoka kazi hiyo itakwisha. Si kweli. Donald Norman, mtaalamu wa usanifu wa Marekani aliyeieneza istilahi ya fani hii (kwa Kiingereza "user experience") akiwa katika kampuni ya kompyuta ya Apple miaka ya 1990, alikusudia yote anayokutana nayo mtumiaji, tangu kukinunua kifaa hadi kukitengeneza kinapoharibika.

Hapa Lamu ushahidi kwamba usanifu huu hauhitaji skrini uko mlangoni: daka, yaani kibaraza cha kuingilia nyumba ya mawe, pamoja na baraza zake, humpokea mgeni anayepiga hodi na kumpa pa kukaa, huku faragha ya ndani ikihifadhiwa.

Ugumu mkubwa wa vifaa visivyo na skrini, kwa maoni yangu, uko kwenye vile vinavyoendeshwa kwa sauti. Msemaji wa Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu, humwita mwenzake kwa kusema "ndoo", yaani njoo. Kifaa kilichofunzwa Kiswahili sanifu pekee huenda kikadhani ametaja ndoo ya maji, wala hapana skrini ya kumwonyesha kosa lilipotokea. Kwa hiyo msanifu hana budi kuamua mapema kifaa kiulize vipi kinapotatizika, kinyamaze lini, na kimjulishe mtu kwa mlio au kwa mtetemo kwamba kinamsikiliza.