Maana ya "ruhusa" kwenye diski ya pamoja ya nyumbani

Nyumba nyingi za Nairobi siku hizi zina kompyuta mbili tatu, ruta moja ya faiba, na diski iliyojaa picha za familia, kazi za shule na stakabadhi za ofisini. Diski imechomekwa kwenye kompyuta ya sebuleni na wengine wanaifikia kwa WiFi. Siku ikikataa kufunguka, kila mtu husema lile lile: "Imeninyima ruhusa." Fundi akiitwa huambiwa hivyo hivyo, naye bila kuuliza zaidi huanza kugawa ruhusa: kundi la Everyone, yaani kila mtu, lipewe udhibiti kamili, neno la siri liondolewe, ngome ya Windows (firewall) izimwe. Akimaliza, diski haifunguki, na sasa iko wazi kwa yeyote atakayeingia kwenye WiFi hiyo. Ruhusa haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Ruhusa kwenye kompyuta ni maandishi yaliyobandikwa kwenye folda au faili, yanayosema akaunti fulani inaweza kufanya nini nayo: kusoma, kuandika, kufuta, au kubadilisha maandishi yenyewe. Ni hayo tu. Nguvu ya WiFi haimo, neno la siri halimo, wala kuonekana kwa kompyuta kwenye orodha ya mtandao hakumo.

Neno lenyewe lingetosha kutuonya. Tumelitoa kwenye Kiarabu, rukhsa, na katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hilo ni jina la nafuu anayopewa mgonjwa asifunge, au msafiri apunguze sala zake. Mzizi wake ndio uliotupa pia rahisi, na bado tunasema bei rahisi, yaani bei iliyolegea. Ruhusa basi ni kulegezewa. Watanzania walipomwita Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza kuanzia 1985 hadi 1995, Mzee Ruksa, walikuwa wanataja hasa hilo: kamba za biashara zilizokazwa zilikuwa zimelegezwa.

Sasa, kulegezewa kunataka mambo mawili yawe yamekwisha kutimia. Kwanza uwe umefika mbele ya anayelegeza. Pili awe anakujua wewe ni nani. Mwanafunzi aliye mlangoni huomba ruhusa ya kuingia darasani kwa mwalimu anayemwona na kumjua kwa jina. Aliyekwama kwenye msongamano wa Thika Road hajanyimwa ruhusa ya kuingia darasani, hajafika. Aliyefika langoni bila kitambulisho, askari akakataa kumfungulia, naye hajanyimwa ruhusa na mwalimu, hajajulikana. Watu hawa watatu wako nje ya darasa kwa sababu tatu tofauti, na barua ya ruhusa ingemsaidia mmoja tu.

Idhini ni jirani wa karibu wa ruhusa. Inatoka kwenye mzizi mmoja na adhana, mzizi unaohusu sikio na kusikia: anayetoa idhini amekusikiliza. Wataalamu wa Kiswahili cha kompyuta wameunda uidhinishaji kutokana nayo, na pembeni yake wakaweka uthibitishaji, yaani kuthibitisha kwamba wewe ndiwe unayedai kuwa. Maneno haya mawili yanafanana ukiyasikia kwa haraka, na watu huyabadilishana kana kwamba ni kitu kimoja. Uthibitishaji huuliza: wewe nani? Uidhinishaji huuliza: huyu, ambaye sasa tunamjua, aruhusiwe nini? Neno la siri hujibu swali la kwanza peke yake. Na neno la siri la WiFi halijibu hata hilo. Hilo ni la geti la ploti. Ukishaingia, milango ya nyumba bado imefungwa, kila mmoja na ufunguo wake.

Windows yenyewe huyatenga mambo haya vizuri, ila huficha utengano huo nyuma ya kisanduku cha maelezo ambacho watu hukifunga bila kukisoma. Njia fupi ya kuuona ni kufungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwenye kompyuta inayokataliwa na kuandika, kwa mfano:

`net use Z: \\192.168.100.12\Picha /user:SEBULENI\nyumbani *`

Z: ni herufi ambayo folda hiyo itaonekana nayo kwenye kompyuta yako. Namba ni anwani ya kompyuta yenye diski, na utaipata kwa kuandika `ipconfig` kwenye kompyuta hiyo. Picha ni jina la folda ya pamoja, SEBULENI ni jina la kompyuta, nyumbani ni akaunti iliyomo ndani yake. Kinyota cha mwisho huifanya Windows iulize neno la siri bila kulionyesha. Jibu litakuja na namba, nayo ndiyo inayosema umekwama wapi. 53: kompyuta haikufikiwa. 67: kompyuta imefikiwa, lakini hakuna folda ya pamoja yenye jina hilo. 86 au 1326: jina au neno la siri si sahihi. 5: unajulikana, na umekataliwa. Hiyo 5 pekee ndiyo ruhusa. Hata zile namba ndefu za kutisha zinasema hayo hayo, kwa sababu tarakimu zake za mwisho zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita: 0x80070035 ni 53, 0x80070043 ni 67, na 0x80070005 ni 5.

Namba 53 ndiyo inayosingiziwa kuwa ruhusa kuliko zote, na maisha ya hapa mjini yanaizalisha kwa wingi. Stima hupotea na kurudi, ruta huwaka upya na kugawa anwani upya, na kompyuta iliyokuwa .12 ikaamka .17. Njia ya Z: inaendelea kubisha hodi kwenye nyumba tupu. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta, sehemu ya DHCP, yaani ile inayogawa anwani, na kuifungia kompyuta ile anwani moja kwa kutumia namba yake ya MAC, ambayo ni namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Sababu nyingine ni kuhama kampuni ya intaneti. Ruta mpya kwa Windows ni mtandao mpya, na Windows 11 huuweka mtandao mpya kwenye hali ya umma, ambayo hufunga mlango (port) namba 445 unaotumiwa na diski za pamoja. Ibadilishe iwe ya faragha kwenye kompyuta yenye diski, ngome ikiwa inawaka vile vile. Kwenye WiFi ya landilodi inayotumiwa na ploti nzima, usiibadilishe: majirani wote wangekuwa wanabisha mlango huo huo.

Kuna nyumba zenye ruta mbili, ile ya kampuni na nyingine iliyonunuliwa Luthuli Avenue ili mawimbi yafike chumba cha nyuma. Ikiwa hiyo ya pili nayo inagawa anwani zake, laptopu iliyo kwenye ya kwanza haiwezi kuifikia diski iliyo nyuma ya ya pili. Linganisha anwani: moja ikianza na 192.168.100 na nyingine 192.168.0, umepata kosa. Igeuze ruta ya pili iwe kituo cha kusambaza WiFi tu, uzime DHCP yake, na waya uchomekwe kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani, badala ya WAN, la intaneti. Na WiFi ya wageni imetengenezwa makusudi ili vifaa visionane. Laptopu iliyounganishwa humo itapata intaneti safi na isipate diski kamwe.

Kupima kama mlango uko wazi, fungua PowerShell, dirisha jingine la amri, uandike `Test-NetConnection 192.168.100.12 -Port 445`, kisha usome mstari wa mwisho. True ni wazi. Usitegemee ping, amri ya kuiita kompyuta uone kama itajibu, kwa sababu kompyuta inaweza kukataa kuijibu na bado ikawa inatoa faili. Wala usitegemee orodha ya kompyuta iliyo kwenye dirisha la mtandao. Kutoonekana humo hakumaanishi haipo. Andika anwani moja kwa moja.

Ukivuka hapo, unafika kwa askari mwenye kuuliza kitambulisho, na hapa kosa kubwa ni PIN. Tarakimu nne au sita za kufungulia kompyuta ya sebuleni ni za kompyuta hiyo peke yake na hazivuki mtandao. Mtu huiandika kwa usahihi mara kumi na kukataliwa mara kumi, kisha husema amenyimwa ruhusa. Linalotakiwa ni neno la siri la akaunti yenyewe. Ikiwa akaunti ni ya Microsoft, jina ni barua pepe nzima na neno la siri ni lile la akaunti hiyo ya Microsoft. Akaunti isiyo na neno la siri kabisa nayo hukataliwa, kwa namba 1327, maana Windows hairuhusu akaunti tupu kuingia kupitia mtandao. Njia safi ni kutengeneza akaunti ya pembeni kwa kazi hiyo tu: kwenye kompyuta yenye diski, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi na uandike `net user nyumbani * /add`, uipe neno la siri, kisha wote wa nyumbani walitumie hilo.

Namba mbili zaidi za hapa zinafaa kujulikana. 1219 inasema tayari umeingia kwenye kompyuta hiyo kwa jina jingine. Windows haikubali majina mawili kwa wakati mmoja. Futa yaliyopo kwa `net use * /delete`, na ukitaka kuona majina ya zamani yaliyohifadhiwa (maneno ya siri yenyewe hayaonyeshwi), andika `cmdkey /list`. 1272 huja kwa diski iliyochomekwa kwenye USB ya ruta na kuachwa wazi bila jina wala neno la siri. Matoleo mapya ya Windows yanakataa kuingia kama mgeni asiyejulikana. Wapo wanaolegeza sera ya Windows ili iwakubali wageni. Ni afadhali kuipa diski jina na neno la siri kwenye mipangilio ya ruta.

Ndipo sasa inakuja ruhusa yenyewe, namba 5, nayo ina tabaka mbili. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake (Properties): kichupo cha Sharing kina ruhusa za wanaokuja kwa mtandao, cha Security kina ruhusa za faili zenyewe. Anayekuja kwa mtandao hupimwa na zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Ukimpa mtu kuandika kwenye Sharing huku Security ikimpa kusoma tu, atasoma tu. Ndiyo maana faili inafunguka lakini haihifadhiki. Iongeze akaunti ya nyumbani kwenye vichupo vyote viwili. Diski iliyofomatiwa kwa exFAT, mfumo mmoja wa kupanga faili, kama zilivyo flashi nyingi, haina tabaka la pili kabisa, kwa hiyo usipoteze muda kulitafuta.

Kosa la kweli la ruhusa lina dalili yake: huwa la sehemu. Folda inafunguka, faili tatu zinakataa. Mara nyingi faili hizo zilihamishwa kutoka folda nyingine ya diski ile ile, kwa mfano folda binafsi ya mtu mmoja, na faili inayohamishwa ndani ya diski moja huja na maandishi yake ya zamani, ilhali inayonakiliwa huchukua maandishi ya inakowekwa. Ukishahakikisha folda kubwa ina ruhusa sahihi, andika `icacls "D:\Picha\*" /reset /t` kwenye kompyuta yenye diski, kwa haki za msimamizi, na vilivyomo vitarithi ruhusa za folda hiyo. Usisahau alama ya \*. Bila hiyo utafuta pia maandishi uliyoyaweka kwenye folda kubwa. Diski iliyotoka kwenye kompyuta iliyokufa nayo huwa hivi: kwenye Security utaona mfululizo mrefu unaoanza na S-1-5-21 mahali palipopaswa kuwa na jina la mtu. Hiyo ni akaunti ya kompyuta ya zamani ambayo hii mpya haiijui, na itabidi msimamizi achukue umiliki kwanza ndipo agawe ruhusa.

Kwa hiyo utakapompigia fundi, au binti wa jirani anayezijua hizi kompyuta, msomee namba kwanza. Ikiwa ni 53, mwambie "haifikiki", naye ataanzia kwenye ruta. Ikiwa ni 1326, mwambie "hainitambui", naye atauliza kuhusu akaunti na PIN. Ikiwa ni 5, hapo sema "imeninyima ruhusa", naye atajua afungue vichupo gani.