Je, wajua juu ya nini watu wa similateri ya ndege wanatafutaka zile ekrani za kare, zile za umbo la mraba, zenye hakuna mtu anataka tena?

Juzi mdogo wangu aliingia chumbani akanikuta nimepiga magoti chini ya meza, kable iko mdomoni, juu ya meza kuko ekrani ine, moja kubwa na tatu za kare, zile za zamani za biro. Akasimama pale ku mlango akaniuliza, "Yaya, sasa ile kubwa haitoshi?" Nilitaka kumjibu mbio mbio nikaona jibu ni refu, njo hii.

Similateri ya ndege ni programu yenye inakukalisha ku kiti ya rubani ukiwa kwako nyumbani, kuko X-Plane, kuko Microsoft Flight Simulator, kuko na FlightGear yenye ni ya bure na iliko tangu 1997. Ndani yake vyombo vyote viko tayari: spidi, urefu, dira, injini. Sasa mtu anasema, kama viko tayari kuvitosha inje na kuvipeleka ku ekrani ingine ni kujipamba tu. Hapana, shida ni macho.

Pima hesabu kidogo. Ekrani ya inchi 24 iko na upana wa sentimita kama 53, ukikaa sentimita 60 mbele yake inajaza digri karibu 48 ya macho yako, lakini macho ya mtu yanaona kupita digri 180. Ni kama unachungulia inje kwa tundu ya ufunguo. Ukitaka uone kiwanja cha ndege vizuri vyombo vinabakia chini hauvione, ukitaka uone vyombo unashusha kamera na kiwanja kinapotea, ukisema basi nirudishe kamera nyuma vyote viingie, namba ya urefu inakuwa ndogo kama punje ya muchele, unakunja uso kama mzee anasoma karatasi ya dawa. Rubani wa kweli hashuguliki na kamera, anashusha macho tu, nusu sekunde, anarudisha. Ekrani ya pili inakuletea hiyo nusu sekunde, basi.

Sasa juu ya nini zile za kare? Hapa njo kuna utamu. Kuko kadude ka vyombo kanaitwa G1000, ka kampuni Garmin, kenye kako ndani ya ndege ndogo Cessna 172 mingi za sasa: ekrani mbili za inchi 10.4, kila moja na pikseli (nukta za picha) 1024 kwa 768. Alafu chukua ile ekrani ya kare ya inchi 15 yenye biro fulani ilikuwa inatumia zamani, pikseli zake? 1024 kwa 768. Sawasawa kabisa! Hakuna kuvuta picha, hakuna weusi pembeni. Ile ingine ya kare, ya inchi 17, iko na 1280 kwa 1024, iko karibu mraba, na kwa Airbus A320, yenye ilianza kubeba watu mu 1988 na ekrani sita mbele ya marubani, umbo ile inasaidia sana juu zile ekrani zake nazo ni za mraba, kila inchi 17 inabeba moja: huku ile ya upeo na spidi na urefu, kule ile ya ramani. Ekrani mpya ndefu ya sinema inakuachia nafasi ya bure kushoto na kuume, unailipia nafasi yenye hauitumie. Mi zangu nilizipata Birere, pale Goma, dola 15 moja, muuzaji alikuwa anacheka, anauliza kama nafungua cyber ya mwaka 2005. Nikazifunga nyuma ya motari na kipande cha mpira, nikafika nimeshika roho.

Kuzitia sasa. Kitu cha kwanza chenye kinasumbuaka watu ni mashini, ile kompyuta, kuonyesha picha ile ile ku ekrani zote. Finya kitufe cha Windows na P, uchague «Étendre», si «Dupliquer». Kisha ndani ya Microsoft Flight Simulator unashika Alt ya kuume, ile ku klaviye zetu za AZERTY inaandikwa AltGr, unafinya ku chombo, kinaruka inje kama dirisha, unakikokota mpaka ku ekrani ya kare, Alt na Enter kinajaa. X-Plane unafinya juu ya ile G1000 yenyewe inatokea dirisha, ku kona yake kuko alama ya kuitosha inje. Ubaya wa ile ya Microsoft ni kwamba mara mingi unaanza upya, mpaka watu wakatengeneza programu ya pembeni ya kukumbuka mahali pa kila dirisha.

Kable nazo ziko na ujinga wazo. Ekrani za kare mingi ziko na VGA tu, ile ya vidole 15, na mashini ya sasa iko na HDMI. Ukinunua kable ya bei rahisi yenye upande moja ni HDMI upande moja VGA na katikati hakuna kitu, hautaona picha hata ukiomba novena, juu HDMI inapeleka namba na VGA inataka mawimbi, lazima kuwe kachip ka kutafsiri. Kale kadapta kadogo kenye kakitumika kanapata moto kidogo, njo kako na chip. Nilijifunza hiyo kwa kununua kable mbili za bure, ya pili nikifikiri ya kwanza ilikuwa imeharibika.

Sasa twende ku jambo lenye watu hawaambiwake. Chombo chenye umekitosha inje si cha bure, similateri inabeba kazi zaidi juu ya kila dirisha. Ekrani tatu ni kazi tatu zaidi. Kwangu mimi picha zilikuwa 40 kwa sekunde, nilipotosha tatu zikashuka 27, ndege ikaanza kutembea kama inashikwa shati nyuma. Na vile vidapta vya USB vya kuongeza ekrani vinazidisha, juu processeri njo inabeba kazi ya kubana picha kabla ya kuituma.

Dawa iko na inashangaza kidogo: chukua laptop ya zamani, ile yenye unaona haifai tena, uiunganishe na mashini kubwa kwa kable ya rezo, ikae inachora vyombo yenyewe. Inawezaje, na ni dhaifu? Juu haipokei picha, inapokea namba. Picha moja ya 1024 kwa 768 bila kubanwa ni bayiti karibu milioni 2.4, mara 30 kwa sekunde ni milioni 70 na kitu. Lakini X-Plane ikituma habari za ndege, mstari moja ni bayiti 36: namba ya mstari na vipimo 8 ndani yake, mstari wa spidi, wa kuinama, wa urefu, mara 20 kwa sekunde. Mstari moja ni kitu kidogo kushinda mesaji ya salamu. Laptop inapata "futi 7,300, umeinama digri 4 kushoto", inachora sindano yenyewe. Na haikuli mega hata moja, ni kable tu kati ya mashini mbili, intaneti inaweza kukatika siku tatu na wewe unaruka.

Kinachobakia ni ubao. Tripleksi ya milimita 6, nilipima na penseli, nikakata madirisha na msumeno mdogo, nikapaka rangi ya kijivu, ekrani zinajificha nyuma yake na zile fremu zao nyeusi hauzione tena. Ziegemeze nyuma kidogo zitazame uso wako, ekrani za wakati ule ukiziangalia kutoka juu zinapauka, bluu ya anga inakuwa kama maji ya sabuni.

Na faida yake niliiona ile siku nilimkalisha mdogo wangu ku kiti tukija Goma kutoka upande wa ziwa. Kiwanja kiko karibu futi 5,000, mbele yake kaskazini kuko Nyiragongo, mita 3,470, ni kama futi 11,380. Ku ekrani kubwa ilikuwa ukungu tu, weupe mtupu. Ku ekrani ya kare ya ramani, mbele yetu kwa chini ya kilomita 20, doa nyekundu imetanda, juu ku Airbus chombo kinapakaa nyekundu kila udongo wenye unakupita futi 2,000 na zaidi. Akasema polepole, "Yaya, ule ni mlima wetu?" Nikamwambia ule ule, na usiulize, angalia spidi.

Tukiwa futi 5,900 umeme ukaenda. Ekrani kubwa nyeusi, mashini kimya, onduleri inalia kidogo kisha nayo inanyamaza. Laptop ya zamani peke yake, ku batri yake, ikabakia inawaka gizani: urefu futi 5,900, spidi noti 138, namba zimegandama, na mdogo wangu bado ameshika usukani na mikono miwili.