Mto Rufiji uko rafu gani?

Kijana mmoja wa uhandisi alinijia mezani asubuhi, daftari kwapani. "Shikamoo mama. Eti vitabu vya mto Rufiji viko rafu gani?"

Mimi ni mkutubi. Kazi yangu kubwa ni kuorodhesha tasnifu na ripoti za utafiti: inafika, nasoma ikisiri, yaani muhtasari wake wa mwanzoni, natazama yaliyomo, naamua inahusu nini, naipa namba, inakwenda kukaa mahali pake. Swali kama lile ningelijibu hata nikiwa nimefumba macho. Nikamwitikia salamu yake, nikanyamaza kidogo. Rufiji haina rafu.

Mfumo wa kupanga vitabu unaotumika katika vyuo vikuu vingi ni ule wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Kila fani ina herufi zake. Historia ya Tanzania imo ndani ya DT. Wanyama ni QL. Uhandisi wa maji ni TC, uvuvi SH, misitu SD, sheria K. Lugha za Kiafrika zimewekwa PL, mbali kabisa na historia ya hao hao wanaozizungumza. Mfumo unakuuliza kwanza wewe ni mtu wa fani gani, na mahali unapopatafiti panakuja baadaye. Kwa hiyo mto ambao bonde lake limechukua zaidi ya kilomita za mraba 170,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara, ukifika maktaba unakatwa vipande na kutawanywa ghorofa kwa ghorofa.

Swali la kijana yule limenikaa kichwani tangu siku ile, kwa sababu linagusa jambo ambalo nimekuwa nikiliona mezani kwangu bila kulisema. Watu hudhani idara za chuo kikuu zinatofautiana kwa mada: huyu anashughulika na vyura, yule na vita, mwingine na mikataba. Nikisoma ikisiri za idara mbalimbali siku moja, naona tofauti kubwa zaidi iko kwingine. Kila idara ina shahidi wake inayemwamini. Akisema shahidi huyo, idara inatulia. Akisema shahidi wa jirani, inaomba ushahidi.

Nitumie Rufiji hiyo hiyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa utafiti wake juu ya bonde hili una umri unaokaribia wa chuo chenyewe. Chuo kilifungua milango Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria tu. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kampasi yake hadi leo. Miaka michache baadaye walimu na wanafunzi wa historia walikuwa vijijini, wakikusanya habari za vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani.

Vita vile vilianza Julai 1905 kwa kung'olewa mipamba huko Nandete, Umatumbi, kusini mwa Rufiji. Ngarambe, alikoishi mganga Kinjikitile Ngwale na walikomiminika watu kuchukua maji ya dawa, si mbali na mto. Yaliyokuwa yameandikwa yaliegemea sana majalada ya Wajerumani, na jalada la mtawala husema anayoyajua mtawala. Mwishoni mwa miaka ya 1960 idara ya historia iliamua kuwauliza wazee. Gilbert Gwassa alifanya kazi kubwa upande wa Umatumbi na Rufiji, na mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wakatumwa maeneo mengi yaliyopigana. Fanya hesabu: aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza, mwaka 1968 alikuwa na 78. Wangechelewa miaka kumi, mashahidi wengi wangekuwa makaburini.

Hapo utaona mwanahistoria anavyomtendea shahidi wake. Neno la mzee halichukuliwi likiwa peke yake. Linawekwa kando ya neno la mzee wa ukoo mwingine, kisha kando ya barua ya ofisa wa Kijerumani, na pale wanapopishana ndipo kazi inapoanza. Mzee anaweza kukosea mwaka na akawa sahihi kabisa juu ya nani aliogopa nini.

Hatua mbili kutoka hapo, kwenye DT hiyo hiyo, kuna akiolojia. Hawa hawamuulizi mtu. Shahidi wao ni udongo na kina kitu kilipolala. Mwaka 1999 Felix Chami wa Mlimani aliandika juu ya shanga za Kirumi alizozipata katika eneo la delta ya Rufiji, akaziunganisha na Rapta, bandari inayotajwa katika mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1. Rapta ilikuwa wapi hasa, wanaakiolojia bado wanabishana, na ubishi wao ni mzuri kuusoma kwa sababu unahusu jinsi ya kumhoji shahidi: shanga ilikuwa tabaka lipi, ilikaa pamoja na vigae vya aina gani, je, panya hakuchimba akaishusha chini? Rafu moja, herufi zilezile, lakini mmoja anauliza mzee alisema nini na mwenzake anauliza kitu kilikuwa sentimita ngapi chini ya ardhi.

Sasa nenda QL, kwa chura wa Kihansi. Habari hii nikianza kuieleza simalizi.

Kihansi ni mto mdogo unaoporomoka kutoka milima ya Udzungwa na kuingia Kilombero, na Kilombero ndio mmojawapo wa mito inayokutana na kuzaa Rufiji. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme ukiendelea pale, wataalamu wa viumbe waliokuwa wakichunguza mazingira ya korongo wakakuta chura mdogo wa manjano, wa kukaa juu ya kidole gumba. Kim Howell, profesa wa zuolojia Mlimani, alikuwa miongoni mwa waliomwandika kisayansi. Chura huyu hatagi mayai. Huzaa vitoto vilivyokamilika, vidogo kama punje. Na duniani kote alionekana mahali pamoja tu: kwenye majani yaliyoloa manyunyu ya maporomoko yale, eneo la hekta chache.

Mitambo ya umeme ya megawati (MW) 180 ilipoanza kazi, maji mengi yaligeuzwa kwenda kwenye mashine na manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa hadi Marekani wakafugwe. Korongoni zikafungwa bomba za kunyunyizia maji ili kuwaokoa waliobaki, na kwa muda zikaonekana kufaa: Juni 2003 walihesabiwa karibu 20,000. Mwanzoni mwa 2004 walioonekana walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ugonjwa wa kuvu unaoua vyura sehemu nyingi za dunia uligunduliwa mle ndani. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa nchini na kutunzwa katika nyumba maalumu Mlimani, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Angalia sasa herufi zinavyotawanyika. Chura mwenyewe QL. Mimea ya manyunyu QK. Bwawa TC, mitambo TK. Nani ana haki ya maji yale na mkataba unasemaje, K. Uchumi wa umeme, HD. Hakuna idara hata moja iliyokuwa na chura mzima. Mwanazuolojia aliamini hesabu ya vyura katika kipande cha majani kilichopimwa kwa kamba, ikirudiwa mwezi kwa mwezi. Mhandisi aliamini kiasi cha maji kwa sekunde. Wote walikuwa sahihi, na chura nusura atoweke kabisa katikati ya usahihi wao. Mimi nimeamini tangu zamani kwamba majalada haya yangestahili kusomwa na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa idara yoyote.

Sheria niipite haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa mradi mkubwa mno wa kufuga kamba katika delta, wakazi wakapinga na suala likafika mahakamani. Kwa mwanasheria shahidi ni hati, kifungu na hukumu. Kwa mtafiti wa bahari, delta hiyo hiyo ni zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na shahidi ni mti mmoja mmoja: huu mkandaa, ule mchu, kule msikundazi, kipenyo chake kiasi gani kwenye usawa wa kifua. Majina hayo ya miti nayo ni elimu. Wavuvi na wakata boriti walikuwa wameshaipanga mikoko kabla mtafiti hajashuka kwenye mtumbwi.

Na majina yananipeleka PL. Mwaka 2001 watu wa isimu Mlimani walianza mradi wa Lugha za Tanzania, uliozaa misamiati ya lugha nyingi na, mwaka 2009, atlasi ya lugha zote za nchi, zaidi ya 150. Rufiji ina Kindengereko, na majirani zake Kimatumbi na Kingindo. Mwanaisimu hataki kujua kama hadithi ya mzee ni ya kweli. Anataka mzee aitamke tena, polepole, asikie toni inapanda wapi. Mzee yuleyule ambaye mwanahistoria angempa saa tatu kwa ajili ya mwaka 1905, mwanaisimu atampa saa tatu kwa ajili ya kitenzi kimoja.

Narudi kwa kijana wangu.

Alikuwa anatafuta takwimu za mafuriko. Nikamwandikia namba za TC alizozitaka, kisha nikamwongezea jalada ambalo hakuliomba: ripoti za ile taasisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi iliyoanzishwa Mlimani mwaka 1967, wengi wakiijua kwa kifupi cha BRALUP, ambayo tangu 1983 ni Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Watu wale walikaa bondeni Rufiji wakati wakulima wakihamishiwa sehemu zilizoinuka kando ya bonde baada ya mafuriko ya 1968, wakaandika jinsi kilimo cha pale kinavyokwenda.

"Mama, mimi nasoma uhandisi. Hii ni jiografia."

"Najua mwanangu. Isome kwanza."

Alikaa nayo hadi saa sita. Aliporudi alikuwa ameweka kidole kwenye neno moja. "Mlau ndio nini?"

Mlau ni kilimo cha kufuata maji yanapopwa. Mto unafurika wakati wa masika, unamwaga tope shambani, na maji yakishuka, kuanzia Mei au Juni, mkulima anapanda kwenye unyevu ule ule bila kungoja mvua. Wakati wa mafuriko na wakati wa kulinda mazao dhidi ya nguruwe na viboko, familia hukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kwa mkulima wa bondeni mwaka usio na mafuriko ndio mwaka mbaya. Katika daftari la kijana yule, safu ya mafuriko ilikuwa imeandikwa juu yake neno "maafa".

Hakuwa amekosea. Vipimo vyake vilikuwa vya kweli, na mafuriko yameua watu Rufiji. Ila shahidi wake, kipimo cha kina cha maji, hana namna ya kusema kwamba maji hayo hayo ndiyo mbolea.

Kwa mnaoandika tasnifu sasa hivi, nina ombi, na naliomba kwa dhati. Andikeni mahali kwenye ikisiri. Msiishie kwenye "eneo teule la utafiti". Tajeni kijiji, kata, wilaya, mto na bonde, maana mkutubi anaweza kuongeza kichwa cha mada cha mahali, yaani jina la mahali ambalo msomaji atalitafuta katika orodha ya maktaba, na kichwa hicho ndicho uzi pekee unaowashona pamoja watu wa DT na watu wa TC. Ukitaja mahali, mwenzako wa idara nyingine atakupata. Usipotaja, utasomwa na msimamizi wako na mtahini wako.

Na mnaotafuta, jaribuni kutafuta kwa mahali kabla ya fani. Kumbukeni majina huhama. Delta ya Rufiji leo iko wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji, kwa hiyo tasnifu ya 1985 haitakuja ukiandika Kibiti. Majimaji huandikwa neno moja au mawili. Kindengereko hukutwa pia kama Kindengeleko. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine tisa za jumla ya MW 2,115, katika ripoti za miaka ya 1970 utalikuta kwa jina la Stiegler's Gorge. Andika yote, moja baada ya jingine. Inachukua dakika tano.

Kijana aliondoka na ripoti mbili za jiografia na moja ya historia juu ya zile zake za TC. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022, na tangu hapo kiasi cha maji kinachoteremka bondeni hupangwa na watu waliokaa mbele ya mitambo, wahandisi kama atakavyokuwa yeye. Wiki iliyofuata alirudi, akasimama palepale mezani.

"Mama, nimetafuta sijaona. Maji ya mlau yanatakiwa yakae shambani siku ngapi kabla hayajashuka?"

Nikamwambia sijawahi kuiona tasnifu iliyopima hilo. Akalifungua daftari, akaandika.