Seva Inapokataa Nenosiri Sahihi

Mwisho wa mwezi, simu za kitengo chetu cha TEHAMA huanza kulia kabla ya saa mbili asubuhi. "Kaka, mfumo umenigomea. Nenosiri ni lile lile la jana." Anayepiga ni mhasibu, mishahara inamsubiri, na ukimuuliza amejaribu mara ngapi anasema nne, tano, hakumbuki. Namwomba kitu kimoja tu: atoe mkono kwenye kibodi. Seva nyingi huvumilia makosa machache. Yakizidi akaunti inafungwa, na tatizo lililokuwa moja linakuwa mawili.

Kosa la pili huwa letu sisi mafundi. Tunabadilisha nenosiri harakaharaka ili mtu atulie. Likikubali, hatujui kilichoharibika. Lisipokubali, tumeongeza vurugu.

Ujumbe wa kwenye skrini hausemi ukweli wote, na hilo limefanywa makusudi. Seva ikikiri kwamba jina lipo ila nenosiri silo, mwizi anayebahatisha ameshapata nusu ya alichokitaka. Ndiyo maana Microsoft SQL Server, ambamo programu nyingi za uhasibu huhifadhi data zake, humwonyesha mtumiaji hitilafu namba 18456 yenye hali ya 1, sababu iwe hii au ile. Sababu halisi huandikwa kwenye logi ya hitilafu, yaani daftari la matukio la seva yenyewe. Hali ya 8 ndiyo nenosiri lenye makosa. Hali ya 5, jina halijulikani. Hali ya 58, mtu ameleta akaunti ya SQL, iliyotengenezwa ndani ya SQL Server yenyewe, kwenye seva iliyopangwa kupokea akaunti za Windows pekee, zile za kuingilia kwenye kompyuta. Ninayokutana nayo sana baada ya kuhamisha seva ni ya 38: mtumiaji ametambuliwa vizuri kabisa, ila hifadhidata anayoiomba haifunguki, au haipo kwa jina hilo. Huyo hata ukimbadilishia nenosiri mpaka jioni hataingia.

Logi ikiwa haina kitu, tazama saa. Ofisi zinazotumia akaunti za Windows kwa kawaida hutambuana kwa itifaki ya Kerberos, iliyoanzia chuo cha MIT na kupewa jina la mbwa wa vichwa vitatu wa hadithi za Wagiriki. Kerberos hutoa tiketi zenye muda, na kwa mpangilio wa kawaida wa Windows haikubali kompyuta na seva zipishane zaidi ya dakika 5. Sasa chukua kompyuta ya mezani ambayo ile betri yake bapa kama sarafu, CR2032, imekufa. Umeme ukikatika usiku, asubuhi inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na mwenye nayo anagombana na nenosiri lisilo na hatia.

Hapa nina aibu yangu. Siku moja mchana nilimwelekeza kijana wa tawi kwa simu: "Weka saa nane na nusu." Akaandika 8:30. Nilitaka 14:30. Tulihangaika karibu nusu saa kabla sijagundua kwamba yeye amefuata kompyuta na mimi nimefuata Kiswahili. Tangu siku hiyo nataja tarakimu, au bora zaidi nasema usiweke kwa mkono: amri ya w32tm /resync huifanya kompyuta ichukue saa kutoka kwa chanzo chake, ambacho kwenye ofisi huwa ni seva. Angalia pia ukanda wa saa. Mtu anaweza kurekebisha saa ya pembeni mwa skrini ikaonekana sawa kabisa na ya ukutani, kumbe ukanda bado ni wa Marekani badala ya Nairobi. Kerberos huhesabu kwa saa ya dunia, kwa hiyo kwake kompyuta hiyo imepotea kwa saa nyingi.

Kuna akaunti inayofunguliwa saa tatu, saa nne imefungwa tena. Hapo kuna kifaa kinachobisha hodi kwa nenosiri la zamani. Kwenye seva ya domeni, ile inayosimamia akaunti za ofisi nzima, tafuta tukio namba 4740. Kwa kawaida hutaja kompyuta iliyosababisha. Mara nyingi ni simu yenye barua pepe za ofisi. Safari moja tulimsumbua dada wa masjala siku mbili nzima, kumbe ni mashine ya fotokopi ya koridoni, iliyokuwa ikituma nyaraka alizoskani kwenye folda kwa jina lake. Nenosiri alilibadilisha Ijumaa, mashine haikuambiwa.

Kwa hiyo ukitupigia, tuambie jina unaloingilia, kompyuta uliyopo, na saa na dakika ulipokataliwa, maana logi tunaitafuta kwa dakika. Ujumbe wa skrini upige picha kabla hujaufunga. Nenosiri lako usinitajie, hata nikiuliza.